Pombe: usingoje shamba liuzwe

Ndugu wakulima na wafanyabiashara, msimu wa mauzo ndio msimu wa vilabu. Fedha ya mahindi inaingia Jumatatu, Ijumaa pesa ya mbolea imeshanywewa. Tumezoea kumsema mnywaji kwenye vikao vya ukoo, au kumwacha mpaka auze shamba. Kwa maoni yangu, tunachelewa. Mahali pa kuanzia ni zahanati.

Shirika la Afya Duniani lilitengeneza maswali 10 yaliyojaribiwa katika nchi 6, Kenya ikiwemo. Unakunywa mara ngapi? Kiasi gani kwa siku? Umewahi kushindwa kazi zako kwa sababu ya pombe? Kila jibu lina alama. Jumla ikifika 8, mhudumu anakaa na mtu dakika 5 hadi 15: anamweleza madhara bila kumtukana, wanakubaliana apunguze kiasi gani, wanapanga siku ya kurudi. Tafiti zinaonyesha mazungumzo hayo hupunguza unywaji, japo si kwa kila mtu.

Basi wahudumu wawaulize wagonjwa wote, kama wanavyopima presha. Asipokuuliza, anza wewe: "Daktari, naona nakunywa kupita kiasi."

Tahadhari: anayetetemeka asubuhi asipokunywa asiache ghafla peke yake. Anaweza kupata mishtuko kama ya kifafa. Huyo aende hospitali kwanza.

Viwavijeshi wakiingia kwenye mahindi, hungoji shamba liishe ndipo uniite. Na pombe iwe hivyo hivyo.