Jicho Linaposhindwa, Neno Lisishindwe

Katika kliniki ya macho kuna kauli ambayo sisi madaktari huitamka kwa sauti ya chini: “Hatuna la kufanya zaidi.” Niliwahi kumwambia hivyo mwalimu mstaafu ambaye shinikizo la macho lilikuwa limeharibu mishipa ya fahamu inayopeleka picha kwenye ubongo. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji na nuru ikarejea. Uharibifu huu haurudi nyuma.

Alinisikiliza, kisha akauliza: “Daktari, zamani nyuma ya kiti chako palikuwa na picha. Ingalipo?”

“Ipo, Mwalimu. Ni ya chui.”

“Chui gani? Amelala au anawinda?”

Nikageuka. Nilikuwa nimeipa mgongo picha ile kwa miaka mingi. Nikamweleza: ni mraba wa hadibodi, upana wake kama dhiraa moja, nyuma kote ni rangi ya machungwa isiyo na mawingu wala ardhi, chui amesimama ubavu, lakini uso ameugeuzia kwetu, madoa yake ni duara jeusi lenye kitone katikati, mkia umepinda juu ya mgongo hadi karibu na sikio. Mwalimu akacheka: “Basi huyo anajionyesha tu, hawindi.” Sikuwa nimeliwaza hilo. Tangu siku hiyo naamini kauli yetu ile si ya kweli.

Kazi niliyoifanya bila kujua huitwa maelezo ya sauti: kueleza kwa maneno kile ambacho jicho lingeona, ana kwa ana au kwa rekodi. Mjini Washington, Marekani, ukumbi wa tamthilia wa Arena Stage uliwapatia wasioona huduma hii mwaka 1981. Mjini Madrid, jumba la makumbusho la Prado mwaka 2015 lilionyesha nakala zenye miinuko za baadhi ya michoro yake, ili mgeni azipapase huku akisikiliza maelezo.

Hata hivyo, sisi si wageni wa sanaa hii. Aliyekulia karibu na redio amewahi kuliona bao kwa masikio. Mtangazaji hodari wa mpira hutuambia mpira uko wingi gani, nani ameupata na kipa amesimama wapi; nafsi zetu humalizia. Kinachokosekana ni kuupeleka ustadi huo mbele ya michoro ya Tingatinga na vinyago vya Wamakonde.

Wapo wanaouliza asiyeona atanufaika nini kwa kutajiwa rangi. Wengi niliowatibu waliwahi kuona, na wengine wangali na mabaki ya uoni. Hata aliyezaliwa haoni anaishi katika jamii inayochagua kanga kwa rangi na kuisoma bendera kwa rangi. Kumficha jina la rangi ni kumtoa katika mazungumzo ya wenziwe.

Maelezo mema yana adabu zake. Huanza na ukubwa na malighafi, yakataja umbo zima, kisha sehemu moja baada ya nyingine kwa mpangilio. Hayahukumu. Ukisema “mama mwenye huzuni”, umempa msikilizaji huzuni yako. Ukisema mama ameinamisha kichwa na kibuyu mikononi mwake ni kitupu, umemwachia ahuzunike mwenyewe. Penye kinyago cha mpingo, mikono nayo iruhusiwe kusoma. Na kabla ya kurekodiwa, maelezo yapimwe na wasioona wenyewe, nao walipwe kwa utaalamu wao.

Hili si hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unatambua katika ibara ya 30 haki ya kushiriki maisha ya utamaduni, makumbusho yakiwemo. Gharama ya kuanzia ni simu ya kurekodia na mtu aliye tayari kutazama kwa makini.

Kwa hiyo nawasihi wenye makumbusho na maonyesho waanze, hata kwa picha kumi. Na kwa madaktari wenzangu: tiba ya jicho inapofika ukomo, tusifunge faili kabla ya kumuuliza mgonjwa angependa kuelezwa nini. Picha ya chui nimeihamishia ukuta wa mbele, ninapoweza kuiona.