Mencius alizungumzia hata matundu ya nyavu
Ndugu mwandishi, hapo uliposema wahenga wa China walifundisha kuiacha asili ijiendee tu, sikubaliani nawe. Mencius, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alimweleza Mfalme Hui wa Liang mambo ya kushikika kabisa: nyavu za matundu madogo zisiingie bwawani, shoka lisiingie msituni ila kwa msimu wake, ndipo samaki na mbao havitaisha. Hiyo ni kanuni ya uvuvi, si ndoto. Na wewe ndugu uliyeandika hapo juu kwamba hayo yalibaki maneno matupu, mimi nilisoma Chengdu, huko China, na nimefika Dujiangyan, kwenye mifereji aliyoianzisha gavana Li Bing mnamo mwaka 256 KK. Hakuuziba Mto Min, aliugawa kwa ukingo wenye ncha kama mdomo wa samaki, ambao zamani ulijengwa kwa vikapu vya mianzi vilivyojazwa mawe. Nilisimama karibu na ile ncha, maji yakipasuka huku na huku kwa kishindo. Mpaka leo yananywesha mashamba ya Sichuan, kwa sababu vizazi na vizazi vilishuka mferejini majira ya baridi, maji yakipungua, kuzoa mchanga.