Divai ya Borba, mawe ya Kambove: koperative ni ya nani?

Mwezi uliopita tulikuwa ku ndoa pale Likasi. Juu ya meza ya wageni waliweka chupa za divai nyekundu. Jirani yangu, mzee mmoja mwenye alitumika Gécamines miaka mingi, akageuza chupa, akasoma nyuma. «Hii ni ya Ureno,» akasema, «haina bei kali sawa ile ya Wafaransa. Lakini angalia: wameandika koperative.» Tukacheka. Kwetu Kambove neno koperative linajulikana sana, lakini halina ladha ya divai. Lina ladha ya vumbi.

Kicheko kile njo kinanisukuma kuandika. Mbona kule neno moja linaleta heshima, na huku linaleta mashaka?

Wareno wanaita «adega» nyumba ya kukamulia na kutunzia divai. Katika mji mdogo wa Borba, jimbo la Alentejo, wakulima walianzisha adega yao ya koperative mwaka 1955. Borba si mji wa mizabibu tu. Ni mji wa machimbo: wanakata marumaru huko tangu zamani, na mashimo yao ni marefu. Tarehe 19 Novemba 2018 barabara yenye ilipita kando ya mashimo iliporomoka. Watu 5 walikufa, kati yao wafanyakazi wa chimbo. Basi wale hawako mbali nasi sana. Wanajua vile shimo linakula mtu.

Sasa, kazi yao inaenda namna gani? Mkulima mwenye hektari mbili tatu hawezi kununua mashine ya kukamua, matangi makubwa, na kulipa fundi wa maabara. Watu mia wakiungana wanaweza. Wakati wa mavuno kila mmoja analeta zabibu zake kwenye mlango wa adega. Wanapima uzito, wanapima na sukari, juu sukari njo inaonyesha divai itakuwa na nguvu gani. Malipo yanafuata vyote viwili. Mizani ni ya koperative, na koperative ni ya wale wenye kuleta zabibu. Ndiyo maana divai inaweza kuuzwa bei ya chini bila mkulima kuibiwa: gharama ya kukamua, kujaza chupa na kuuza inagawanywa juu ya lita nyingi, na hakuna mtu wa katikati mwenye kukula mbele ya mkulima.

Sitaki kupamba. Koperative nyingi za divai kule Ureno zilizaliwa miaka ya 1950, chini ya utawala wa Salazar, serikali ikizisukuma kutoka juu. Kuna zenye zililipa wanachama kwa kuchelewa, kuna zenye zilizama katika madeni. Lakini mkulima akikasirika, anajua mlango wa kugonga, na siku ya mkutano mkuu ana kura yake.

Sisi pia sheria tunayo. Sheria ya madini ya 2002, yenye ilirekebishwa mwezi wa tatu 2018, inasema mchimbaji wa mkono lazima awe na kadi na awe ndani ya koperative yenye serikali imekubali. Na sheria ya OHADA juu ya koperative, ya Desemba 2010, inatuhusu tangu Kongo iingie OHADA mwaka 2012. Hiyo inasema wazi: memba mmoja, kura moja, hata kama mwenzake ana mafungu mengi kumupita.

Sasa enda uulize kijana mwenye kuchimba: «Prezida wa koperative yako, ulimupigia kura lini?» Wengi watakuangalia tu. Wanajua koperative siku moja: siku ya kukatwa franga. Kuna mkubwa fulani alitafuta karatasi, akaleta pampu na gari, akaweka walinzi, akaita kitu chake koperative. Vijana wanachimba, wanaosha, wanabeba mpaka ku depo. Pale wanakuta mizani ya mnunuzi, na mashine ya Metorex ya mnunuzi. Mashine inasema shaba asilimia fulani, kobalti asilimia fulani, na maneno imeisha. Siku moja nilisindikiza vijana na mfuko mmoja wa mawe ku depo mbili. Mfuko ulikuwa ule ule, lakini kipimo kilibadilika. Hakuna mwenye alitia mkono ndani ya mfuko. Walisoma tu namba.

Mtu ataniambia: «Zabibu ni zabibu, mawe ni mawe. Shamba ni la mkulima, lakini shimo liko juu ya eneo la kampuni ao la serikali.» Ni kweli, na ni shida kubwa: maeneo ya wachimbaji wa mkono ni machache, na mengi hayana kitu chini. Lakini kuwa na shamba peke yake hakutoshi. Tuangalie hapa karibu, Dodoma, Tanzania. Zabibu zilifika kule na wamisionari Wakatoliki, na leo wanavuna mara mbili kwa mwaka, kitu chenye Ureno hawawezi. Shamba ni la mkulima mwenyewe. Serikali ilikuwa na kampuni yake ya divai, DOWICO; ilipoanguka, wakulima walibaki na zabibu mkononi. Zabibu yenye imekatwa haingoji. Mkulima mwenye hana tangi wala mashine ya kukamua anangoja gari la mnunuzi, na mnunuzi akichelewa, bei inashuka yenyewe. Baadaye serikali iliweka ushuru wa chini kwa divai yenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchi. Ni kitu kizuri kwa viwanda. Lakini kilio cha soko hakikuisha, na wakulima wenyewe, sawa wale wa Chinangali, walijiunga katika koperative.

Funzo ni hili: mwenye kushika chombo cha kupima na cha kutengeneza, njo mwenye kutaja bei. Mawe haiozi, ni kweli. Lakini njaa ya watoto ku nyumba haingoji kuliko zabibu, na mnunuzi anajua hiyo vizuri.

Mbona kusema haya sasa? Juu bei inachezwa sasa. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha kutoa kobalti nje ya nchi, ili bei ipande. Tangu 16 Oktoba 2025 kuna kiasi kimewekwa: kwa mwaka 2026 ni tani 96.600, na 2027 vile vile. Makampuni yalipewa mafungu yao. Kwa kobalti ya mkono kuko EGC, tawi la Gécamines, yenye iliundwa 2019 ili inunue peke yake. Minaunga mkono nchi kulinda mali yake. Lakini bei ikipanda London, nani anaipandisha mpaka ndani ya mfuko wa mchimbaji? Kama koperative ni ya mkubwa mmoja, bei itapandia kwake, na itaishia pale.

Kwa hiyo tuombe vitu vitatu, na tuviombe kwa sauti. Kwanza, kila koperative itundike majina ya memba wake ukutani, na iite mkutano mkuu wenye kura, sawa vile sheria inasema. Pili, koperative inunue mizani yake na mashine yake ya kupima, ao vikundi kadhaa vinunue moja pamoja. Mawe yapimwe nyumbani mbele ya kufika ku depo. Tatu, kila mfuko uandikwe: kilo, kipimo, bei, makato, na mchimbaji apewe karatasi yake.

Na sisi wa sendika tukubali kosa letu. Mwaka 2003, wakati Gécamines iliachisha wafanyakazi 10.655, wengi wa wenzetu walishuka mashimoni na sepeto. Shiye tulibaki tunatetea wenye kuwa na mshahara, tukasema mchimbaji si mfanyakazi, si memba wetu. Tulimuacha peke yake mbele ya mizani ya mtu mwingine. Katibu wa sendika anajua kusoma mkataba, anajua kuongoza mkutano, anajua kuhesabu kura. Hivyo njo vitu vyenye koperative zetu zinakosa, na kufundisha hakuombi franga nyingi.

Mzee wa Likasi aliniuliza mbele ya kuachana: «Wale wa Borba, ufunguo wa nyumba ya mizani unalala kwa nani?» Nikamujibu: kwao wenyewe, juu nyumba ni yao. Akatingisha kichwa. Wewe mwenye kadi ya koperative, mkutano wenye kuja usimame uulize swali lile lile. Na kama hakuna mkutano wenye kuja, anza na hiyo.