Glukosi ya Ugali, Glukosi ya Khanga

Wanafunzi wa Kidato cha Tano wanaosoma PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) hukutana mapema na molekuli kubwa za uhai: kabohaidreti, protini, mafuta, asidi nukleiki. Hapa Kawe, Dar es Salaam, ukisimama jioni nje ya banda la tuisheni, utayasikia majina hayo yakiitikiwa kwa sauti moja, mwalimu akitaja nusu ya neno na darasa likimalizia. Ufundishaji huo una watetezi, na watetezi wana hoja zao. Nimezisikia kwa walimu, kwa wazazi na kwa wanafunzi wenyewe. Nazijibu hapa, nyingine kwa kirefu, nyingine kwa kupita tu, maana uzito wake haulingani.

Hoja ya kwanza ndiyo mama wa nyingine zote: kwamba hii ni mada ya kukariri, haina cha kuelewa. Anayesema hivyo mpe ugali na khanga. Unga wa sembe kwa sehemu kubwa ni wanga. Khanga ya pamba ni selulosi karibu tupu. Vyote viwili ni minyororo mirefu ya glukosi, na kila glukosi ina kaboni 6, hidrojeni 12 na oksijeni 6 kabla haijaungana na mwenzake. Kama kilichomo ni kile kile, kwa nini kimoja tunakila na kingine tunakivaa?

Jibu liko kwenye kiungo. Katika wanga, glukosi zimeungana kwa kiungo cha alfa, na mnyororo hujipinda kama springi. Katika selulosi kiungo ni cha beta: kila glukosi ya pili imegeuzwa juu chini, mnyororo ukanyooka. Minyororo iliyonyooka hulala sambamba na kushikana kwa vifungo vingi vya hidrojeni, ikawa nyuzi zinazostahimili kufuliwa na kukamuliwa miaka. Kimeng'enya cha amilesi kilicho kwenye mate yetu hukata kiungo cha alfa. Cha beta hakikiwezi. Ng'ombe naye hakiwezi kwa nguvu zake mwenyewe. Wale waliokuwa wakiletwa kuchinjwa hapa kwenye kiwanda cha Tanganyika Packers walikuwa wamenenepa kwa nyasi kwa sababu vijidudu vya tumboni mwao viliwavunjia selulosi. Mwanafunzi akishalielewa hilo, hana haja ya kukariri jedwali la tofauti kati ya wanga na selulosi. Atalijenga mwenyewe.

Wengine hukubali hayo, kisha wakasema: sawa, lakini shule zetu hazina maabara. Hoja hii naiheshimu nusu. Kipimo cha sukari kinahitaji kemikali ya Benedict, na kipimo cha protini kinahitaji salfeti ya shaba na sodiamu haidroksaidi. Hivyo shule lazima inunue, hakuna njia ya mkato. Lakini aidini ipo duka la dawa. Tone moja juu ya ugali hutoa rangi ya buluu-nyeusi, na tone kama hilo juu ya pamba nyeupe hubaki la kahawia. Tumia pamba, usitumie khanga mpya, kwa sababu nguo mpya mara nyingi hutiwa wanga kiwandani ili ikakamae, na darasa litaondoka likiamini kinyume cha ulichokusudia.

Hata DNA inatoka jikoni. Papai lililopondwa, chumvi, sabuni ya maji, kitambaa cha kuchujia, kisha spiriti iliyopoozwa ikimiminwa taratibu juu yake, mbali na moto. Sabuni huvunja utando wa seli, ambao umejengwa kwa mafuta, na DNA isiyoyeyuka kwenye spiriti hujitokeza kama nyuzi nyeupe za kuteleza. Mwalimu mkweli ataongeza kwamba sehemu ya ute huo ni pektini ya tunda. Na kwa wale wanaouliza kila mara: Konyagi haifai, kileo chake ni asilimia 35 tu.

Kisha kuna dai ambalo limeshapoteza maksi nyingi kwa kalamu nyekundu: joto linaua vimeng'enya. Haliviui, kwa kuwa havikuwa hai. Kimeng'enya ni protini iliyojikunja kwa umbo maalumu, na joto huvunja vifungo dhaifu vinavyoshikilia umbo hilo. Mpangilio wa asidi amino hubaki vilevile. Kinachopotea ni umbo, na kazi hupotea nalo. Christian Anfinsen alionyesha hivyo kwa kimeng'enya cha ribonuklesi. Alikikunjua kwa kemikali, akaziondoa, nacho kikajikunja upya na kurudi kazini. Alipata Nobeli ya Kemia mwaka 1972. Yai lililochemshwa halirudi kwa sababu minyororo yake imeshanasana ovyo, lakini hilo nalo ni suala la umbo.

Ipo kauli tuliyoibeba tangu shule ya msingi: protini ni ya kujenga mwili, wanga na mafuta ni vya kutia nguvu. Kwa mtoto wa darasa la nne inatosha. Kwa Kidato cha Tano ni kizuizi, kwa sababu inamficha kwamba amilesi iliyomo mdomoni mwake ni protini, kwamba hemoglobini inayosafirisha oksijeni yake ni protini, na kwamba kingamwili zinazopambana na maradhi ni protini pia.

Dai lililo kinyume cha kauli hiyo, kwamba mwenye misuli lazima ale nyama ndipo apate nguvu, lina historia inayoigusa Kawe. Mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig alifundisha kwamba msuli unapofanya kazi huunguza protini yake wenyewe. Mwaka 1865 Adolf Fick na Johannes Wislicenus walipanda mlima Faulhorn huko Uswisi bila kula protini. Walikula vitumbua vya wanga vilivyokaangwa kwa mafuta, wakakusanya mkojo wao na kupima naitrojeni iliyomo, ambayo ndiyo alama ya protini iliyovunjwa. Hesabu ilikataa: protini iliyotumika isingeweza kutoa nishati ya kuipandisha miili yao hadi kileleni. Mwaka huo huo, kampuni ya kuuza rojo la nyama yenye jina la Liebig iliandikishwa London. Miongo minane hivi baadaye kampuni hiyo iliingia ubia na serikali ya kikoloni ya Tanganyika, na ubia huo ndio uliojenga Tanganyika Packers. Vijana wanaoujua uwanja wa Packers kwa mikutano ya siasa na ya injili wanastahili kusikia hadithi hii darasani, na mwalimu wa Biolojia ndiye wa kuisimulia.

Kuhusu mafuta nitasema machache. Si kweli kwamba mafuta ya wanyama huganda na ya mimea hayagandi. Ya nazi huganda, hata kabatini, asubuhi za Julai. Ya samaki ni kimiminika, na samaki ni mnyama. Kinachoamua ni mikia ya asidi mafuta: iliyonyooka hupangana karibu karibu na kuganda upesi, iliyopinda kwenye vifungo maradufu vya kaboni, kama ya alizeti, haipangani vizuri. Si kweli pia kwamba makundi yote manne ni polima. Mafuta si mnyororo wa vipande vinavyojirudia, na nashangaa madesa yanavyoendelea kuyaweka humo.

Mzazi anayelipa ada ana swali lake: mambo haya yatamsaidia nini mwanangu mtaani? Yatamsaidia dukani kwanza. Vinywaji na vidonge vya kolajeni vinauzwa kwa bei ya kuumiza kwa ahadi ya kulainisha ngozi, na supu ya makongoro inasifiwa kwamba hupeleka ute moja kwa moja magotini. Kolajeni ni protini, na tumbo huikatakata kama linavyokatakata protini ya maharage. Vinavyofyonzwa ni asidi amino na vipande vifupi, na asidi amino haikumbuki ilitoka kwenye kwato. Supu ni tamu, inyweni. Ila aliyeelewa muundo atauliza ushahidi kabla ya kufungua pochi.

Yatamsaidia pia kuelewa ugonjwa wa selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi zaidi duniani. Kadirio linalotajwa sana ni watoto 11,000 wanaozaliwa nayo kila mwaka. Hemoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne, miwili ya asidi amino 141 na miwili ya asidi amino 146, jumla 574. Katika selimundu, kwenye nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta, asidi glutamiki imeondoka na valini imeingia. Glutamiki hupenda maji. Valini huyakimbia, na oksijeni inapopungua hujibanza kwenye kishimo cha hemoglobini ya jirani. Jirani naye hushika mwingine, nyuzi ngumu zikajengeka ndani ya seli, seli ikapinda umbo la mundu na kuziba mishipa midogo. Maumivu ya mtoto anayelia usiku yanaanzia hapo. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba tatizo limo ndani ya molekuli yenyewe, na Vernon Ingram akawa ameibaini tofauti ya asidi amino kufikia mwaka 1957. Katikati yao, mwaka 1954, Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alieleza kwa nini jeni ya selimundu imedumu Afrika Mashariki: aliyerithi nakala moja tu hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Sijui mfano bora kuliko huu wa muundo kuamua kazi. Nashauri tu mwalimu asiwaulize wanafunzi hadharani nani anao ugonjwa huo.

Imebaki hoja ya mtihani na ya muda. Ni kweli kwamba jedwali la vipimo vya chakula kwenye mtihani wa vitendo linaweza kujazwa na mtu aliyekariri rangi. Lakini maswali ya insha ya Kidato cha Sita hupenda kumtaka mtahiniwa aeleze muundo unavyoendana na kazi, na hapo aliyekariri huandika orodha na kuachwa na maksi chache. Muda nao upo. Kipindi ni dakika 40. Mwanzoni, weka uji mwepesi uliopoa kwenye glasi mbili, na moja yake mwanafunzi aitie mate yake mwenyewe. Mkisubiri, chora ubaoni kiungo cha alfa na cha beta. Kabla kengele haijalia, tia aidini kote kuwili, kisha waulize kwa nini glasi moja imekataa kuwa nyeusi.