Ati Kusomea Chapati Chuo Kikuu?

Nina neno, nalo limenikaa kooni tangu mjadala wa chama chetu muhula uliopita, ambapo hoja ilikuwa kwamba uhandisi una faida kwa taifa kuliko sayansi kimu. Upande wa uhandisi ulishangiliwa kabla hata kura hazijahesabiwa. Mtetezi mmoja (simtaji, anajijua) alisimama akauliza: "Ni nani huyo atakayepanda basi kutoka Msambweni hadi Nairobi, alipe karo miaka minne, akasomee chapati?" Ukumbi mzima ulivunjika mbavu.

Mimi sikucheka. Huyo atakayepanda basi ni mimi.

Nasoma fizikia, nasoma kemia na nasoma sayansi kimu. Nia yangu ni kuwa mwalimu wa somo hili la tatu, na Mungu akijalia nifike shahada ya uzamili. Lakini kwetu sisi Wadigo, kauli ya mjomba ni nzito, na mjomba wangu keshakata shauri kuwa mpwa wake atakuwa injinia wa barabara. "Mpwa wangu," aliniambia, "kupika si utafunzwa na bibi yako bure?" Mjomba namheshimu, na haya ninayoyaandika ndiyo majibu ambayo sikuweza kumpa mbele ya wazee.

Tatizo la kwanza ni kwamba watu wanalisema somo wasilolijua. Mtihani wa KCSE wa sayansi kimu una karatasi tatu: nadharia, ushonaji na upishi. Watu huiona hiyo ya upishi tu, kwa sababu harufu yake inatoka dirishani. Humo ndani ya nadharia muna usafi wa maji, malezi ya watoto, lishe, bajeti ya nyumba na haki za mnunuzi. Huko Marekani chama cha wataalamu wa somo hili kilibadilisha jina mwaka 1994, kikaacha "uchumi wa nyumbani" na kuchukua "sayansi ya familia na watumiaji". Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Eldoret kina idara yenye jina hilo hilo.

Na sasa sikilizeni vizuri, nyinyi mliopiga makofi. Aliyelianzisha somo hili huko Marekani alitoka katika chuo cha wahandisi! Ellen Swallow Richards alikuwa mwanakemia, mwanamke wa kwanza kupokewa katika chuo cha teknolojia cha Massachusetts, kile kiitwacho MIT, akapata shahada mwaka 1873. Kuanzia mwaka 1887 maabara yake ilipima maji ya jimbo zima, maelfu kwa maelfu ya chupa, kujua yapi ni salama na yapi yameingiwa na uchafu. Mwaka 1899 yeye na wenzake walikutana Lake Placid kulipanga somo, na mwaka 1908 akawa rais wa kwanza wa chama chao. Kwa hiyo sayansi kimu ilitoka katika maabara ya maji. Chapati zilikuja baadaye, tena kwa kuwa nazo zina kemia yake.

Lakini mbona niende mbali hivyo na hali ushahidi uko hapa Kwale?

Mwaka 1983 Wizara ya Maji, pamoja na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, Benki ya Dunia na wafadhili wa Uswidi, walianza kujaribu pampu za mkono huku kwetu pwani ya kusini. Pampu za zamani zilikuwa za chuma kizito, na maji yetu ya pwani hayana urafiki na chuma. Ikiharibika moja, yahitaji gari lije na mafundi na magongo matatu ya kuinulia mabomba kutoka chini. Na gari lisipokuja? Akina mama wanarudi kwenye kisima cha wazi, kile cha kuteka kwa kata na kamba. Hesabu za wahandisi hazikuwa na makosa. Nguvu ya mkono, kina cha kisima, kipenyo cha bomba, vyote vilikuwa sawa. Lililokosekana ni kumuuliza anayeteka.

Hapo ndipo likaingia shirika la KWAHO, lililoshughulika na maji na afya. Watu wake hawakuja na mashine. Walikuja kukaa na wanakijiji, na hasa wanawake, kuunda kamati, kuchagua mweka hazina, kuzungumza juu ya nani atatoa pesa na nani atashika spana. Wanawake wakafundishwa kuitengeneza pampu wenyewe. Wahandisi nao wakawa wanabadilisha umbo la pampu kila majaribio yanapoonyesha kasoro. Katika kazi ile ya Kenya na Malawi ndimo ilimotoka pampu iitwayo Afridev, ambayo leo iko katika nchi nyingi za Afrika na hata Asia. Mabomba yake ni ya plastiki, pistoni yake inachomolewa pasipo kung'oa mabomba, na kazi karibu yote yafanywa kwa spana moja. Mama aliyebeba mtoto mgongoni aweza kuifungua. Si mchezo!

Sasa niambieni, kazi ya KWAHO ni somo gani? Si uhandisi. Ni kuijua nyumba: nani anaamka saa kumi alfajiri, ndoo hubebwa na nani, pesa za nyumba hushikwa na nani, mtoto akiharisha lawama huenda wapi. Mambo haya ndiyo sayansi ya familia inayoyafundisha kwa utaratibu na kwa utafiti. Watu wa Diani na Msambweni walikuwa na bahati kwamba pande hizo mbili zilikutana kisimani. Vyuoni hazikutani. Mhandisi anasoma miaka mitano, na akiendelea na uzamili anazidi kuzama katika zege, nyaya au mtiririko wa maji, na kila akizama anazidi kuwa mbali na mwenye ndoo. Mwalimu wa sayansi kimu naye akiendelea anakwenda kwenye lishe au mavazi, na mwishowe anamaliza masomo hajui kwa nini jiko la makaa linakula makaa.

Na jiko nalo ni ushahidi. Lile jiko letu la bati lenye udongo ndani lilianza miaka ya 1980. Wazo la udongo lilitoka Thailand, mafundi wa hapa Kenya wakalibadilisha lifae sufuria zetu na mkono wa kukoroga ugali. Na lile la kuni lenye udongo, ambalo wengi walilijua kwa jina la Maendeleo, lilipelekwa vijijini na Maendeleo ya Wanawake na maofisa wa uchumi wa nyumbani wa Wizara ya Kilimo. Jiko ambalo mpishi halitaki hugeuka kiota cha kuku, hata likiwa na hesabu nzuri namna gani.

Kwa hivyo rai yangu ni hii. Anayesomea uzamili wa uhandisi wa maji, wa nishati au wa majengo, pale Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa au kwingineko, awe na somo moja analofundishwa na mtaalamu wa sayansi ya familia, na alifanye nyumbani kwa watu, si darasani. Na sisi tutakaosomea ualimu wa sayansi kimu tukifika uzamili tufunzwe umeme, joto na vipimo vya maji na wahandisi wenyewe. Si ndoto. Chuo cha Iowa State huko Marekani kilifungua idara ya vifaa vya nyumbani tangu mwaka 1929, wanafunzi wa uchumi wa nyumbani wakawa wanafungua majiko na majokofu kuona yanavyofanya kazi. Na Lillian Gilbreth, mhandisi na mama wa watoto 12, alichunguza jikoni kama wenzake walivyochunguza viwanda. Mwaka 1965 alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika chuo cha heshima cha wahandisi wa Marekani.

Wavulana nao wasinitazame kana kwamba haya ni ya wasichana. Nendeni hoteli za Diani mkachungulie jikoni. Wale wanaovaa kofia ndefu nyeupe wengi ni wanaume, kina ami zenu na kaka zenu, na hakuna anayewacheka mwisho wa mwezi. Mnalicheka somo shuleni, kisha mnalitafuta kazini!

Kuna wanaosema mambo haya yamepitwa na wakati. La hasha. Katika mtaala mpya, ambao Gredi ya 10 ya kwanza ilianza Januari 2026, sayansi kimu imewekwa katika mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Yaani serikali imewatia chumba kimoja hawa tuliowagombanisha ukumbini. Lakini chumba pasipo mwalimu ni ghala. Nasema ghala kwa sababu shule moja ninayoifahamu (jina nalimeza) ilikuwa na chumba kizuri cha sayansi kimu, chenye majiko na vyerehani. Mwalimu alipohama hakuletwa mwingine. Sasa muna madawati yaliyovunjika, na vyerehani vimeota kutu.

Mjomba ataniuliza kuhusu mshahara, na hapo ananibana kidogo. Mwalimu hapati kama injinia wa barabara, na kungoja kuajiriwa na TSC kwaweza kuchukua miaka. Hilo silifichi. Lakini nani atamfundisha mama wa kijijini kwetu kusoma maandishi ya taa ya sola kabla hajainunua kwa malipo ya kila siku? Jirani yetu alinunua moja, ikazima kabla hajamaliza kulipa, na aliyemuuzia akamwambia arudi kesho mpaka akachoka. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa bora na ya kulipwa fidia. Yeye hakujua. Injinia aliyeitengeneza taa hakumwambia, na bibi yangu, pamoja na ujuzi wake wote wa wali wa nazi, hakuwa nalo la kumwambia.

Mlezi wetu wa chama, ombi langu ni moja. Muhula ujao tuirudie hoja ile, lakini safari hii tualike mhandisi wa maji wa kaunti na mwalimu wa sayansi kimu, na mama mmoja wa kamati ya pampu. Barua tatu za mwaliko nimekwisha kuziandika. Zimebaki sahihi yako na mhuri wa shule.