Gari la Watu Wawili, Nyumba ya Watu Sita

Barua iliyonifikia juma hili, ndugu msomaji, inatoka kwa mfanyakazi mmoja wa hapa Dar es Salaam aliyeniomba nisimtaje jina wala kazi. Ana mke na watoto wanne. Kwa miaka saba amekuwa akiweka akiba ya gari, na nyumbani kwake wote wanalijua jambo hilo. Wasilolijua ni kwamba gari alilokwisha kulichagua moyoni ni Mazda Roadster, lile dogo lenye viti viwili tu na paa la turubai, ambalo katika nchi nyingi huitwa MX-5. Ananiuliza: Je, nimerukwa na akili?

Sikumcheka. Gari la namna hiyo nililiendesha miaka mitatu, miwili nikiwa kapera na mmoja nikiwa mume wa mtu, kwa hiyo pande zote mbili za shauri hili nazifahamu.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya jina. Tukisikia gari la michezo, aghalabu hutujia picha ya chombo chenye thamani ya nyumba kumi, kinachonguruma mtaa mzima uamke. Sivyo ilivyokuwa Uingereza katika miaka ya 1960 na 1970. Huko watu wa mishahara ya kawaida waliweza kumiliki MGB au Triumph Spitfire, magari madogo ya wazi yaliyoanza kuuzwa mwaka 1962. Yaliundwa kwa sehemu nyingi zilizokwisha kutumika katika magari ya familia, na hiyo ndiyo siri ya unafuu wake. Yalidondosha mafuta, yaliingiza mvua, na nyaya zake za umeme zilifanya kazi zilipojisikia. Hata hivyo yalipendwa. Mwaka 1980 viwanda viliacha kuyaunda yote mawili.

Pengo hilo lilizibwa na Wajapani, kwa ushauri wa Mmarekani. Mwaka 1979 mwandishi wa habari za magari, Bob Hall, aliulizwa na Kenichi Yamamoto, mmoja wa wakuu wa Mazda, kampuni hiyo iunde gari gani. Akamjibu kwamba laundwe gari la wazi, jepesi na la bei nafuu, kwa mtindo ule wa Waingereza. Jibu hilo halikupotea. Mwaka 1985 gari la majaribio lilipitishwa katika barabara za Santa Barbara, California, na watu wakalifuata kutaka kujua ni gari gani. Mwezi Februari 1989 likaonyeshwa rasmi Chicago. Injini yake ilikuwa ya lita 1.6, uzito wake chini ya kilo 1,000, na bei yake ya mwanzo huko Marekani dola 13,800. Kufikia mwaka 2000 kitabu cha rekodi cha Guinness kilikuwa kimelitambua kuwa gari la michezo la viti viwili lililouzwa kuliko yote duniani, na mwaka 2016 gari la 1,000,000 likatoka kiwandani Hiroshima.

Nayaeleza haya ili mke wa bwana huyu, kama atausoma ukurasa huu, afahamu kwamba mumewe hakutamani kitu cha kifalme.

Sasa, utamu wake ni nini? Si kasi. Nguvu ya injini ile ya kwanza ilikuwa farasi 115 hivi, na leo yapo magari mengi ya kubebea familia yenye nguvu kuliko hiyo. Utamu umo katika wepesi. Wajapani walioliunda walikuwa na msemo wao, jinba ittai, maana yake mpanda farasi na farasi kuwa kitu kimoja. Injini iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na uzito umegawanywa karibu sawa kwa sawa baina ya mbele na nyuma. Unaketi chini, karibu na lami. Mti wa gia ni mfupi, wa kusogeza kwa kifundo cha mkono tu. Ukiuelekeza usukani, gari limekwisha kugeuka kabla hujamaliza kufikiri.

Siku niliyolielewa hasa ni ile niliyopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto. Barabara ile, kama umepata kuipita, haina mahali pa kukimbia. Ni kona juu ya kona, mwamba huku, bonde kule. Nilikunja turubai, nikapanda kwa gia ya pili na ya tatu, mara chache nikifikia kilomita 50 kwa saa. Harufu ya mikaratusi iliingia garini bila kubisha hodi. Nilisikia maji yakianguka Soni, nikasikia mama mmoja akimwita mbuzi wake. Dereva wa basi lililonitangulia alikuwa akienda mwendo ule ule, lakini nadhani yeye alikuwa kazini na mimi nilikuwa sikukuuni.

Hiyo ni Lushoto, wakati wa baridi. Hapa mjini, saa saba mchana, paa likiwa wazi, utaiva kama muhogo wa kuchoma. Utalifunga, na kumbe umenunua gari la kawaida lisilo na nafasi.

Kisha yapo matuta. Uvungu wa gari hili uko chini sana, nami nilijifunza kuyapanda matuta kwa upembe, gurudumu moja baada ya jingine, huku bodaboda wakinicheka. Turubai nalo lina mambo yake. Maji ya mvua yanayotoka juu yake huteremka katika vitundu vilivyo nyuma ya viti. Majani yakiviziba, maji huingia ndani au hukaa katika kingo zilizo chini ya milango, na hapo kutu huanza kula kimyakimya. Mimi sikuwa najua. Niliegesha chini ya mwembe masika nzima, nikiona nimelipatia gari kivuli kizuri, na fundi aliyelichomelea kingo zote mbili alinilipisha fedha ambazo sikumwambia mke wangu.

Kwa hiyo, bwana mwandishi wa barua, kabla hujatoa hata senti moja, piga magoti ugonge kingo hizo kwa kidole, na ufunue zulia nyuma ya viti uone kama pana unyevu. Katika matoleo mawili ya mwanzo uliza ule mkanda wa mpira unaoendesha vali ulibadilishwa lini, maana hudai kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Ukipata toleo lililoanza mwaka 2015, fahamu kwamba halibebi tairi la akiba, ila kichupa cha dawa ya kuzibia pancha na pampu ndogo. Dawa hiyo haizibi tairi lililopasuka ubavuni, nawe uko katikati ya pori. Usukani uko kulia kama wetu, jambo ambalo ni heri. Lakini hesabu ushuru kabla ya kuhesabu bei: kadiri gari linavyozidi kuwa kuukuu, ndivyo ushuru wa ziada unavyokungoja bandarini. Wenzetu wa Kenya hawaruhusu kabisa gari lililozidi miaka minane.

Nimeyasema ya fedha kwa sababu ndiyo mepesi kusema. La watu sita ndilo zito. Hilo si gari la kusema tutabanana. Kiti cha nyuma hakipo, na kumpakata mtoto katika kiti cha mbele ni kumweka kati yako na kioo. Mtoto mchanga aliye katika kiti chake cha kuangalia nyuma hawezi kuwekwa mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi; ukifumuka, humuua.

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, nilikwenda hospitali kuwachukua. Nilikuwa nimelisugua gari asubuhi ile mpaka likawa linang'aa. Yeye na mtoto na mama mkwe wakapanda teksi, nami nikafuata nyuma peke yangu, kiti cha kushoto kimebeba beseni, chupa ya chai na kanga zilizofungwa fundo. Teksi ilipokata kona nilimwona mama mkwe akigeuka kunitazama kupitia kioo cha nyuma. Hakusema neno siku ile wala baadaye. Nililiuza kabla mtoto hajaanza kutambaa, na hata leo nikiliona moja barabarani husimama nikalisindikiza kwa macho.

Wewe una wanne. Umeniandikia kurasa tatu nzuri, na naona kila mstari ungalimfaa zaidi mkeo kuliko mimi. Yamkini atakataa. Yamkini atasema tununue kwanza gari la watoto, hili tulingoje miaka kumi, wakiwa wameondoka. Nitasubiri barua ya pili, na safari hiyo natumaini itatiwa sahihi na watu wawili.