Ripoti ya kikundi isiyosema nani amekwama haina kazi

Leo siandiki kuhusu simu mpya wala lugha mpya ya kuandikia programu. Naandika kuhusu kitu ambacho wengi wetu hukifanya Ijumaa mchana huku jicho moja likitazama saa: ripoti ya maendeleo ya mradi, ile inayoandikwa kwa niaba ya kikundi kizima. Najua kuna atakayeuliza, "Ripoti nayo ni teknolojia?" Ndiyo, ni teknolojia. Ni chombo cha kazi kama tarakilishi unayoitumia, na kwa maoni yangu ndicho chombo tunachokitumia vibaya kuliko vyote.

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane. Ripoti ya kikundi si barua ya kumfurahisha mkubwa. Kazi yake ni kumwezesha mtu aliye mbali na kazi aamue jambo leo badala ya mwezi ujao: aongeze mtu, asogeze tarehe, apunguze mahitaji, au ampigie mteja simu. Kama akimaliza kuisoma hana la kuamua isipokuwa kusema "asanteni, endeleeni hivyo hivyo", na huku nyinyi mmekwama, basi mmepoteza muda wenu na wake.

Tazama jinsi ripoti hizi zinavyotengenezwa. Kikundi kina watu sita. Kila mmoja anatuma mistari mitatu kwa barua pepe au WhatsApp. Mmoja wao anaiunganisha, na kwa kuwa nafasi ni ndogo, anafupisha. Meneja wa mradi anaipokea, anaona maneno fulani ni makali, analainisha. Mkurugenzi naye anachota mistari miwili ya kumpelekea mteja. Kwenye meza ya programu neno lilikuwa "tumekwama". Kwa meneja likawa "kuna changamoto". Kwa mteja likafika "kazi inaendelea vizuri". Ukiwauliza mmoja mmoja, hakuna aliyedanganya. Kila mtu alipunguza chumvi kidogo tu, na mwishowe mchuzi ukafika mezani hauna chumvi kabisa.

Hili si tatizo la ofisi za Nairobi peke yake. Tarehe 16 Januari 2003 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kiliporuka, kipande cha povu kilibanduka kwenye tangi lake la nje kikagonga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi waliandaa slaidi za kuwaeleza wakubwa kama kulikuwa na hatari. Kichwa cha slaidi moja kilielekea kuwatuliza wasomaji. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, ndipo palipokuwa na jambo lenyewe: kipande kilichogonga bawa kilikuwa na ujazo wa zaidi ya mara 600 ya vile vilivyotumika kwenye majaribio waliyoyategemea. Tarehe 1 Februari 2003 Columbia ilivunjika ikirudi duniani na watu wote saba waliokuwamo wakafa. Tume ya uchunguzi ilipotoa ripoti yake Agosti mwaka huo, iliukosoa waziwazi mtindo huu wa kueleza mambo mazito kwa slaidi, ikitumia uchambuzi wa Edward Tufte, bingwa wa masuala ya uwasilishaji wa taarifa. Sisemi slaidi ndiyo iliyoua. Nasema taarifa ilikuwepo, imeandikwa, imetumwa, na bado haikumfikia mtu wa kuamua. Kuandika jambo mahali ambapo halitasomwa hakuna tofauti kubwa na kutoliandika.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna maficho mengine ya ziada, nayo yamo ndani ya sarufi yetu. La kwanza ni "tu-". "Tunashughulikia malipo." Nani anashughulikia? Watu sita wamejificha nyuma ya silabi moja. La pili ni kauli ya kutendwa: "Majaribio yatafanywa." Na nani? Lini? La tatu ndilo kali zaidi: "Seva imeharibika", "data imepotea", "kazi imechelewa". Hapo hata hakuna mtenda. Seva imejiharibu yenyewe na kazi imejichelewesha. Lugha yetu ni tamu na adabu hii inafaa nyumbani kwa watu, lakini katika ripoti ya mradi inamnyima msomaji kitu pekee anachokihitaji, yaani kujua ni kamba ipi ivutwe na nani aulizwe.

Halafu kuna Kiingereza. Wakati wa chai utamsikia mwenzako akisema waziwazi kwa Kiswahili, au kwa Sheng, kwamba sehemu ya mikopo haitakuwa tayari mwezi huu. Saa moja baadaye anaketi kuandika ripoti kwa Kiingereza cha ofisi na ukweli ule unavaa suti na tai hadi haumjui mwenyewe. Ushauri wangu kwa wanaolazimika kuandika Kiingereza: andika kwanza sentensi uliyoisema kwenye chai, kisha uitafsiri hiyo hiyo. Usianze kwenye suti.

Kwa nini ninalivalia njuga jambo hili? Kwa sababu nimeona lilichomfanyia mtu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika kikundi kilichopewa kandarasi ya kujenga mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo. Sitakitaja chama hicho, wala kampuni iliyotuajiri. Kijana mmoja, mdogo kuliko sote na mwenye kandarasi ya miezi mitatu, alipewa kazi ya kuhamisha kumbukumbu za wanachama kutoka kwenye faili za Excel. Akagundua kwamba kila mwanachama alipojitoa, nambari yake ilikuwa ikipewa mwanachama mwingine. Faili za zamani zikihamishwa jinsi zilivyo, mfumo ungeziona kumbukumbu za watu wawili kuwa za mtu mmoja na kuchanganya akiba zao. Aliandika hivyo, mistari mitatu iliyonyooka, akaomba karani wa chama akae naye siku nne wazitenganishe. Alimtumia aliyeunganisha ripoti na kutupa sisi wengine nakala.

Ripoti iliyotoka ilisema uhamishaji wa data unaendelea vizuri na changamoto ndogo zinashughulikiwa. Wiki iliyofuata aliandika tena, na tena ikasema hivyo hivyo. Sisi wengine hatukuwa tukionyeshwa ripoti kabla wala baada ya kutumwa. Mfumo ulipofunguliwa, wanachama walianza kufika kwenye dirisha na vitabu vyao vya akiba. Mwalimu mstaafu alikuta jina lake lina mkopo ambao hakuuchukua. Fikiria mtu aliyeweka shilingi zake kwa miaka, anaambiwa na kioo cha tarakilishi kwamba anadaiwa.

Mkosaji akatafutwa. Data ilikuwa kazi ya nani? Ya kijana. Kandarasi yake haikuongezwa. Nilipeleka nakala ya barua pepe zake kwa wakubwa, na jibu nililopewa ni kwamba onyo hilo halimo katika ripoti yoyote rasmi. Hilo jibu sijalisahau. Maana yake ni kwamba kwa ofisi, kilichotokea ni kile kilicho kwenye ripoti, na kisichokuwemo hakikutokea. Ndiyo sababu nasema ripoti ya kikundi ni suala la haki kabla ya kuwa suala la karatasi. Mkubwa ana njia nyingi za kujitetea. Mdogo ana ripoti tu.

Sasa tuje kwenye ugonjwa mwingine, asilimia. "Sehemu ya malipo imekamilika kwa asilimia 90." Tom Cargill, aliyekuwa Bell Labs, alitania kwamba asilimia 90 ya kwanza ya programu hula asilimia 90 ya muda, na ile 10 iliyobaki hula asilimia 90 nyingine. Ukijumlisha unapata 180, na kila aliyewahi kuandika programu anacheka kwa uchungu. Asilimia haina kipimo nyuma yake. Ni hisia iliyovalishwa tarakimu. Wale waandishi wa programu 17 waliokutana Utah mwezi Februari 2001 na kutoa tamko la Agile walishaliona hili: kipimo kikuu cha maendeleo ni programu inayofanya kazi. Kwa hiyo badala ya asilimia, sema kinachoweza kuonyeshwa. "Mwanachama anaweza kulipa kwa M-Pesa na akaona salio jipya. Taarifa ya malipo ikitufikia mara mbili, bado tunaihesabu mara mbili. Hiyo haijarekebishwa." Sentensi tatu, na hata mhasibu asiyejua lolote kuhusu programu anaelewa kwamba mfumo huu haufai kufunguliwa Jumatatu.

Basi nipendekeze utaratibu. Si mgumu, na hauhitaji programu mpya ya kununua:

1. Kila mtu aandike mistari yake mwenyewe, na jina lake likae mbele ya mistari hiyo. Ajibu maswali manne: wiki iliyopita niliahidi nini, nini kinaweza kuonyeshwa leo, nini kimenikwamisha, na nahitaji nini kutoka kwa nani kabla ya tarehe gani.

2. Anayeunganisha ana ruhusa ya kusahihisha tahajia na kupanga. Hana ruhusa ya kufuta wala kulainisha onyo la mwenzake. Kama halikubali, aandike maoni yake chini ya onyo hilo, na jina lake pia.

3. Kazi ya kuunganisha izunguke. Akiunganisha mtu mmoja mwaka mzima, ripoti inakuwa yake.

4. Mabaya yatangulie. Aya ya kwanza iseme ni uamuzi gani unahitajika wiki hii. Mafanikio yafuate, hayataoza.

5. Kikundi kizima kione ripoti kabla haijatumwa, hata kama ni kwa dakika kumi tu, na nakala zote zihifadhiwe mahali ambapo kila mwanakikundi anaweza kuzifungua.

Najua pingamizi mbili zinakuja. Ya kwanza: "Tuna ubao wa kazi mtandaoni, na tunasimama kila asubuhi kuelezana. Ripoti ya nini?" Ubao unaonyesha kadi 40 zimehama kutoka safu moja hadi nyingine. Hauonyeshi kwamba kadi moja iliyobaki ndiyo inayozishikilia nyingine zote. Na mteja wenu hasimami nanyi asubuhi.

Ya pili ni nzito zaidi: "Ukiandika ukweli, bosi atakukalia." Kuna wakubwa wa namna hiyo, siwezi kukataa. Mkubwa akimkaripia aliyeleta habari mbaya, wiki ijayo ataletewa habari nzuri, na ataendelea kuletewa nzuri mpaka siku ya kufungua mfumo. Ndiyo maana kanuni hizi lazima zikubaliwe na kikundi chote mwanzoni mwa mradi, pesa za mteja zikiwa bado nzima na kila mtu akiwa na tabasamu. Mtu mmoja akisema ukweli peke yake ataonekana mlalamishi. Watu sita wakiandika "nini kimenikwamisha" kila wiki, linakuwa jambo la kawaida kama kujaza daftari la kuingia ofisini. Na nyinyi mameneja mnaonisoma, siku ya kwanza mtu atakapoandika kwamba amekwama, kitakachofuata kwenye ripoti zenu zote kitategemea sura mtakayomwonyesha siku hiyo.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye miradi yetu kazi ya kuona ufa si ngumu, maana kwa kawaida kuna mtu ameshauona. Mara nyingi ni yule mdogo, mwenye kandarasi fupi, anayekaa karibu na mlango. Ijumaa hii, kabla ya kutuma ripoti ya kikundi chenu, mwulize mmemnukuu sawasawa au la.